Mgeni Ataondoka, Mmisionari Atabaki

Wachungaji, wazazi wangu, kaka na dada, na ninyi vijana mnaojiandaa kusafiri: nawashukuru kwa kunikaribisha kusema katika mkutano huu wa familia zenye ndugu walio misheni. Mmeniomba nizungumzie tofauti za kitamaduni nilizoziona nilipokwenda na mama yangu kumtembelea dada yangu na shemeji, ambao wanatumika nje ya nchi kama wamisionari. Nitazizungumzia. Ila nchi yenyewe sitaitaja, wala mji, wala kabila. Dada yangu anaishi na watu hao. Ni majirani zake na waumini wa kanisa lake, na watoto wao wanacheza na watoto wake. Siku hizi hotuba hurekodiwa kwa simu na kufika popote, na watu hao hawajaulizwa kama wanakubali kuwa mfano katika mazungumzo yetu. Nimelitanguliza jambo hilo kwa sababu mengi nitakayosema yanatoka humo: ukimtembelea ndugu mmisionari, unaingia katika maisha ya watu ambao yeye ataendelea kuishi nao ukishaondoka.

Nianze na macho ya mgeni.

Siku za kwanza ugenini macho huwa makali kupita kawaida. Unaona watu wanasimama umbali gani wakizungumza, nani anatangulia mlangoni, nani anaketi wapi, mtoto anamtazama mzee usoni au anainamisha macho, mkutano ulioitwa saa fulani unaanza saa ngapi hasa. Unaona kama watu wanajibu swali papo hapo au wananyamaza kwanza. Dada yangu hayo hayaoni tena. Nilimuuliza kwa nini wanawake kanisani walikaa kimya muda mrefu kabla mmoja wao hajajibu swali la mchungaji. Akaniuliza, "Kimya gani?" Ameishi humo mpaka kimya kile kimekuwa kwake sehemu ya jibu. Ukimuuliza mwenyeji, naye hawezi kukueleza, kwa kuwa tangu azaliwe hakuna aliyemwonyesha kwamba hilo ni jambo la kuelezwa.

Kwa hiyo mgeni ana kitu ambacho wengine nyumbani mle hawana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi naamini mgeni huleta uponyaji wa aina yake. Maswali yangu yalimfanya dada akumbuke mambo aliyojifunza kwa taabu akayasahau, na mara kadhaa aliniambia, "Subiri, hilo hata mimi sijawahi kuliuliza." Tukalibeba swali hilo hadi kwa mama mmoja wa kanisa, naye akafurahi kuulizwa. Ukiona kitu kigeni, usione haya kwamba umekiona. Kiandike, kiulize. Tatizo linaanzia pale mgeni anapokiona kitu asubuhi na kufikia jioni ameshakipa maana.

Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, mzaliwa wa Kanada mwenye asili ya Finland, alitoa hotuba kwa klabu ya wanawake huko Rio de Janeiro, Brazili, kuhusu alichokiita mshtuko wa utamaduni. Mwaka 1960 hotuba ile ikachapishwa katika jarida la Practical Anthropology, lililokuwa likisomwa na wamisionari na watafsiri wa Biblia. Oberg aliigawa safari ya mtu ugenini katika hatua, na ya kwanza akaiita fungate. Kila kitu kinapendeza, watu wote ni wakarimu, hata usumbufu unavutia. Alisema fungate hiyo huweza kudumu siku chache, majuma kadhaa, au hata miezi sita. Akaongeza jambo ambalo kila anayekwenda kutembelea ndugu anapaswa kulifikiria: mgeni anayeheshimika huonyeshwa mahali pazuri, huhudumiwa, kisha hurudi kwao akiwa bado ndani ya hatua ile, na anaweza hata kuandika kitabu.

Ndugu zangu, matembezi yetu karibu yote huanza na kuisha ndani ya fungate. Tunarudi tukisema "wale watu wana upendo ajabu," au "hawana kitu lakini wana furaha." Tunasema kwa nia njema. Lakini mama mjane aliyetuandalia meza ile alitabasamu kwa sababu tulikuwa wageni, kama ambavyo mama yetu naye hutabasamu kwa wageni siku ambayo moyo wake umejaa huzuni. Tuliona ukarimu wake. Maisha yake hatukuyaona.

Hatua ya pili kwa Oberg ni chungu. Mtu anachoka, anakasirikia vitu vidogo, anatafuta watu wa kwao ili walalamike pamoja juu ya wenyeji. Dada yangu aliipitia hatua hiyo mbali nasi. Simu zake za mwaka wa kwanza zilikuwa fupi na za furaha ya kulazimisha, na sisi nyumbani tulimshukuru Mungu kwamba kazi inakwenda vizuri. Nawaomba familia ambazo ndugu zao wameondoka karibuni wasikilize simu hizo fupi kwa sikio lingine.

Kuna tofauti ambazo mwili huzitambua kabla akili haijasema lolote. Edward Hall, Mmarekani aliyewafundisha wanadiplomasia wa nchi yake katika miaka ya 1950, alichunguza umbali ambao watu huuacha kati yao. Kwa Wamarekani aliowapima, mazungumzo ya watu wanaofahamiana yalikuwa kati ya sentimita 45 na mita 1.2 hivi, na shughuli rasmi zilianzia hapo hadi kama mita 3.6. Mwenyewe alionya kwamba vipimo hivyo ni vya watu wale, visichukuliwe kuwa vya binadamu wote. Kwa dada, jirani mmoja, mzee wa heshima, alizungumza nasi kwa ukaribu ambao sisi tungemwachia mtu anayetunong'oneza siri. Nilihisi mwili wangu wote ukitaka kurudi nyuma, na nikamwona mama akishika mkoba wake kwa mikono miwili. Dada, ambaye tangu utotoni alikuwa hapendi kusongwa, alisimama palepale ametulia, uso kwa uso na mzee yule, wakacheka pamoja. Usiku akatueleza kwamba pale mtu akirudi nyuma hatua moja, mwenzake huelewa kwamba habari zake hazitakiwi.

Tangu jioni ile nilianza kumtazama dada kuliko nilivyowatazama wenyeji, na huko ndiko nilikoona tofauti kubwa kuliko zote.

Sauti yake barabarani imeshuka. Hamalizii tena sentensi za watu. Akikaribishwa ndani hangojei sekunde, lakini akiulizwa maoni yake hungoja mpaka aulizwe mara ya pili. Shemeji, ambaye tulimzoea akiwa mbele katika kila kikao cha ukoo, kule hukaa nyuma na kusema mwisho, baada ya wazee wa kanisa wote. Nilidhani ni mgonjwa. Siku iliyofuata nikamwona katika kikao kingine, yuleyule, mwenye afya, akisikiliza kwa saa nzima bila kufungua kinywa, na alipofungua alisema maneno machache, na kikao kikaisha. Ni mtu ninayemjua tangu alipokuja kuposa, na nilikuwa namwona akifanya kazi kwa mara ya kwanza.

Watoto ndio walioumiza zaidi. Mjukuu wa mama yangu alimwamkia bibi yake kama wenzake wanavyowaamkia wazee kule, kwa adabu zote za kule, na bibi akabaki anangoja kuamkiwa. Wote wawili walikuwa sahihi na wote wawili walihuzunika. Ruth Hill Useem, mwanasosholojia wa Marekani, alikuwa India na mumewe John katika miaka ya 1950 wakiwachunguza Wamarekani walioishi huko kikazi, wamisionari wakiwamo. Waliona kwamba familia hizo hazikuwa tena na utamaduni wa kwao peke yake, wala hazikuwa na ule wa wenyeji. Zilikuwa zimejenga wa tatu, kati ya hiyo miwili. Watoto wao ndio wanaoitwa hadi leo watoto wa utamaduni wa tatu. Nilimweleza mama jambo hili tukiwa huko, naye akafikiri kwa muda kisha akasema, "Basi kuanzia leo atanifundisha yeye." Kesho yake asubuhi mtoto alimfundisha bibi maamkizi ya kule, na bibi akamfundisha ya kwetu. Sijaona hekima kubwa kuliko ile katika safari nzima.

Zamani ndugu hawakupata nafasi ya kuyaona haya. Johannes Rebmann alifika pwani ya Mombasa mwaka 1846 na hakurudi Ulaya mpaka 1875, miaka 29, karibu amekuwa kipofu, akafariki mwaka uliofuata. Waliobaki kwao Ujerumani walimjua kwa barua tu. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyekwenda kuhubiri Mboga, Kongo, mwaka 1896, alifariki huko mwaka 1933 baada ya kuagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kinyume na desturi ya kwao. Ndugu wa damu akisikia agizo kama hilo ana haki ya kuumia. Sisi tuna ndege, na tuna simu zenye picha. Tunaweza kumwona mtu wetu akibadilika mbele ya macho yetu, na hakuna aliyetufundisha tufanye nini na uchungu huo. Wengine huutoa kwa utani: "Umekuwa mtu wa huko kabisa." Tafadhali, neno hilo tuliache. Mmisionari hulisikia likitoka nyumbani, na juma hilohilo husikia majirani wakisema kwamba yeye bado ni mgeni.

Sasa nifikie jambo lililonileta hapa. Tumezungumza kana kwamba anayetazama ni sisi. Ugenini tunatazamwa pia, na anayetazamwa zaidi kuliko wote ni yule ndugu yetu, na pande zote mbili.

Fungueni Wagalatia sura ya 2. Petro alikuwa Antiokia, anakula meza moja na waumini wasio Wayahudi. Alikuwa amejifunza jambo hilo kwa njia ngumu, kwa maono ya Yafa na nyumbani kwa Kornelio. Halafu wakaja wageni kutoka Yerusalemu, watu wa Yakobo, watu wa nyumbani. Paulo haandiki kwamba wageni wale walisema neno lolote. Walifika tu. Petro akaanza kujitenga na meza ile, kwa kuwaogopa, na Barnaba naye akachukuliwa, na waumini wengine Wayahudi wakafuata. Hebu fikirini waumini wa Antiokia waliokuwa wakila naye juzi. Siku zote tunamhukumu Petro katika kisa hiki, na Paulo alikuwa na haki ya kumkemea uso kwa uso. Mimi siku hizi nawafikiria wale wageni. Je, walijua kwamba kufika kwao kulivunja meza? Je, nyuso zao zilisema nini walipoingia wakaona nani ameketi na nani?

Nimeona Antiokia ndogo kwa macho yangu. Siku ya kwanza tulipokaa na majirani wa dada, shemeji alikuwa akigeuka kututazama kila baada ya muda mfupi: tunafurahi? tumeudhika? tunaona ameharibika? Mtu aliyekomaa katika kazi yake alikuwa anasoma uso wa mama mkwe wake. Na majirani walikuwa wanamsoma yeye akitusoma sisi. Mama alipoona hivyo alisogea akaketi karibu na mwanamke mzee kuliko wote, akamshika mkono, ingawa hawakuwa na lugha moja. Shemeji hakugeuka tena.

Historia ya misheni ina kisa kikubwa zaidi cha namna hii, na nitakaa nacho kidogo kwa sababu gharama yake ilikuwa kubwa.

Matteo Ricci, padre Mkatoliki wa shirika la Wajesuiti kutoka Italia, aliingia China mwaka 1583. Yeye na wenzake walinyoa vichwa na kuvaa kama watawa wa Kibudha, kwa kuwa walielezwa kwamba mtu wa dini ndivyo anavyovaa. Mwaka 1595, miaka kama 12 baadaye, aliacha mavazi yale akavaa ya wasomi, maana alikuwa ametambua kwamba wanaoheshimiwa na kusikilizwa katika jamii ile ni wasomi. Mtu mwenye akili ya ajabu, aliyejifunza lugha na vitabu vyao usiku na mchana, alihitaji miaka hiyo yote kujua kwamba nguo aliyovaa ilimweka mahali asipokusudia. Alifariki Beijing mwaka 1610. Wafuasi wake waliwaruhusu Wakristo wa China kuendelea kuwaheshimu wazazi waliofariki, na kumheshimu Confucius, mwalimu mkuu wa kale wa China, kwa kuwa waliona heshima hiyo ni ya kijamii, haikuwa ibada kwa miungu.

Katika miaka ya 1630 walifika Wadominiko na Wafransisko, wamisionari wa mashirika mengine ya Kanisa Katoliki. Waliona watu wakiinama mbele ya vibao vyenye majina ya wazazi waliokufa, wakichoma uvumba. Macho yao yalikuwa makali, kama ya kila mgeni, na walichokiona kilikuwepo kweli. Wakaandika Roma. Mabishano yakadumu karibu miaka mia. Mwaka 1704 Papa Klementi wa 11 alizikataza desturi zile, na mwishoni mwa mwaka 1705 mjumbe wake, Charles de Tournon, alipokelewa Beijing na Kaizari Kangxi. Mwaka uliofuata askofu mmoja Mfaransa aliyekuwa upande wa katazo, Charles Maigrot, aliitwa mbele ya Kaizari aeleze msimamo wake, na Kaizari akaona kwamba mtu huyo anayehukumu desturi za China hajui vizuri hata maandishi ya Kichina. Akafukuzwa nchini. Kangxi akaagiza kwamba mmisionari atakayebaki awe na kibali na akubali kufuata njia ya Ricci. Mwaka 1715 Papa alilikaza katazo, na mwaka 1721 Kangxi, baada ya kusoma tafsiri ya waraka ule, alipiga marufuku mahubiri ya watu wa Magharibi.

Nani aliyelipa? Tournon aliondoka Beijing. Waliobaki ni Wakristo wa China, waliotakiwa kuchagua kati ya kanisa lao na kuwaheshimu wazazi wao mbele ya ukoo mzima. Kanisa Katoliki lilikuja kuliondoa katazo lile mwaka 1939, chini ya Papa Pius wa 12. Zaidi ya karne mbili. Sisemi kwamba swali lao lilikuwa dogo. Ibada ya mababu ni swali zito, na hapa hapa tunaligombania. Nasema kwamba wapo watu waliokuwa wameishi na swali hilo miaka mingi, na wapo waliofika, wakaona, wakaandika, na uamuzi ukafuata maandishi.

Mimi na wewe hatuandiki Roma. Lakini tuna simu mkononi, na tuna mimbari za nyumbani zinazotungoja tukirudi.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi: usimpige picha mtu ambaye hujui jina lake, na usisambaze picha ya mtoto wa mtu mwingine hata kama dada yako ndiye mwalimu wake. Kuna nchi ambamo picha moja ya ibada, ikionekana mtandaoni, inaweza kumfikisha muumini polisi. Muulize mmisionari kabla, na akikataa usimuulize sababu mbele za watu.

Kuhusu zawadi nataka kusema zaidi, maana hapo ndipo wema wetu unapovuruga mambo kuliko ukorofi wetu. Mmisionari mmoja rafiki wa dada alinisimulia kuhusu mgeni aliyemlipia kijana ada ya shule, mbele ya mkutano, akabubujikwa machozi, akaondoka na moyo mwepesi. Juma lililofuata wazazi walianza kufika nyumbani kwa mmisionari, kila mmoja na mtoto wake, na kila mmoja ana haki ya kuuliza kwa nini mtoto wa fulani. Wazee wa kanisa walikuwa na utaratibu wao wa kuamua nani asaidiwe kwanza, nao walikuwa wameshawapanga yatima. Ghafla wakaonekana wachoyo mbele ya watu wao, kwa fedha ya mtu ambaye hakukaa hata mwezi. Kijana mwenyewe alitengwa na rafiki zake. Ukiwa na chochote cha kutoa, mpe mmisionari kimyakimya, naye awape wazee, na jina lako lisitajwe. Ukiona moyo wako unakataa jina lisitajwe, basi subiri kwanza kutoa.

Kisha kuna yale tunayosema tukirudi. Nitatoa mfano mmoja. Mkutano wa kanisa kule ulichelewa sana kuanza. Watu walikuwa wameketi, wamejaa, na hakuna aliyeonekana kujali saa. Mgeni yeyote angerudi na sentensi yake tayari: watu wale hawajali muda. Nilimuuliza dada. Akaniambia walikuwa wanamngoja mzee mmoja ambaye kwa miaka alikuwa hapatani na nusu ya kanisa, na wamepatana karibuni. Kuanza bila yeye kungekuwa kama kutangaza kwamba ugomvi bado upo. Kwa hiyo watu wote wale, vijana kwa wazee, walikuwa wanatoa saa zao kulinda amani, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nilipotazama tena ule umati uliokaa kimya, nilikuwa natazama kitu kingine kabisa. Ningalimkosa dada wa kumuuliza, ningalirudi na sentensi ile, na ninyi mngaliiamini kwa sababu nimetoka huko.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila tofauti, ukiieleza, hugeuka kuwa njema. Niliona jambo ambalo sikulikubali pale na silikubali leo: kikao kilichoamua juu ya mtoto, na mama wa mtoto ameketi pale haruhusiwi kusema. Nilikosa usingizi. Dada naye halikubali. Aliniambia kuna wanawake watatu wa kanisa, wenyeji, wanaolishughulikia jambo hilo kwa miaka, nyumba kwa nyumba, wakianza na waume zao. Sasa wanawake wameruhusiwa kuketi ndani ya kikao; awali walikuwa wakisimama nje. Wanawake wale wanajua mlango uko wapi. Nikiinuka mimi, mgeni, nikaukemea ukoo ule mbele ya watu, wazee wangesema kwamba fikra hizo ni za wageni, na kazi ya wale mama ingerudi nyuma. Kwa hiyo nilinyamaza kikaoni, na nikaomba kukutana na mama hao watatu. Nikawauliza wanahitaji nini kutoka kwetu. Waliomba tuwaombee kwa majina, na tumpe dada likizo ndefu kidogo, kwa kuwa amechoka na wao wanamhitaji.

Hilo la mwisho lilinishtua kuliko tofauti zote. Wenyeji walimwona dada yangu amechoka kabla sisi ndugu zake hatujaona. Sisi tulipofika alikuwa mkalimani wetu, mpishi wetu, dereva wetu na mlinzi wetu wa adabu, kuanzia alfajiri mpaka usiku. Kila sentensi tuliyosema ilipita kwake mara mbili, ikienda na ikirudi, na njiani aliilainisha, aliieleza, aliiombea radhi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga, na kwa mgeni wa mmisionari jembe hilo lipo: kuosha vyombo, kukaa na watoto jioni ili wazazi wao watoke wawili, kujifunza maamkizi na shukrani kwa lugha ya pale ili angalau hayo yasipite kwake.

Basi nina maombi kwa uongozi wa mkutano huu na kwa familia. Anayesafiri aandike kwa mmisionari mapema na kumuuliza mambo ambayo kule hayasemwi, hayavaliwi wala hayatolewi, na mmisionari ajibu bila kuogopa kutuudhi. Katika kila ziara iwepo siku moja isiyo na wageni wala matembezi, ambapo yule ndugu hatafsiri chochote kwa mtu yeyote. Na kila taarifa itakayosomwa hapa mkirudi, aisome kwanza yule aliye kule, naye awe na ruhusa ya kufuta.

Hotuba hii dada ameisoma. Alifuta sehemu moja niliyokuwa naipenda sana, kuhusu familia ya jirani, akaandika pembeni kwamba binti wa nyumba ile anaelewa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Nimeifuta.

Walio na safari mwaka huu, tubaki hapa tukimaliza. Wamisionari wenzake na dada wamenipa maswali ambayo wangependa wageni wao wawaulize kabla ya kukata tiketi, na ningependa tuyapitie pamoja. Asanteni kwa kunisikiliza.